Karatasi ya Kuigizia

4 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Bibi naye awe ameamka vizuri, na lile goti lake liwe limeacha kumtabiria mvua. Huku sote wazima. Baba alipita Jumapili na mfuko wake wa redio mbovu, akanitengenezea pasi ambayo haikuwa imeharibika. Sasa imeharibika. Anakusalimu sana dada yake. Ningekupigia, lakini najua simu yako unaipokea ya misiba tu.

Asante kwa kutupokea shuleni kwenu wiki tatu nzima. Watu wa filamu ni wageni wabaya. Wanahamisha madawati, wanawanyamazisha walimu ndani ya ofisi zao wenyewe, na chai yote wanaimaliza. Muongozaji wetu, yule tuliyempa jina la Bwana Tena kwa kuwa kila kitu lazima kirudiwe, anasema hajaona shule yenye nidhamu kama yenu. Na yule mwanafunzi wako mwenye mdomo, Kasuku, aliyetuigizia, amemwacha hoi. Ile sehemu ya kukamatwa na karatasi ya mtihani binti aliirudia mara saba, na mara zote saba macho yake yalipita juu ya maswali kama ya mtu anayesoma kweli. Bwana Tena anasema kitu hicho hakifundishwi.

Hapo nina swali dogo. Siku ile Bwana Tena aliponifokea mbele ya watu, kwamba mtunza vifaa gani huyu anayeleta karatasi tupu mbele ya kamera, nilikukimbilia ofisini ukanipa karatasi ya historia kutoka kabatini. Ulisema ni ya mwaka jana, sivyo? Niliirudisha mwenyewe ndani ya bahasha yake ya kaki na kuiweka mezani kwako. Nauliza kwa ajili ya daftari langu la vifaa tu. Kila kitu lazima kionyeshe kimetoka wapi.

La mwisho, Bwana Tena anaomba ushauri wako kama mwalimu wa taaluma. Unaikumbuka hadithi: mwanafunzi yuko mbele ya bodi ya shule, wanataka kumfukuza kwa wizi wa mtihani, na mwalimu aliyeacha kabati wazi kwa uzembe wake amekaa humo humo chumbani, anajua. Bwana Tena anauliza, mwalimu wa kweli angechukua muda gani kabla ya kusimama na kusema?

Mwanao.

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Goti limesema mvua ni Alhamisi, ingawa hakuna aliyeliuliza. Mwambie kaka yangu asinigusie pasi yangu akija.

Wiki ya mtihani wa majaribio imekwisha, na mimi nimekwisha nayo. Unajua mtihani huu ndio wa mwisho kabla ya ule mkubwa, kwa hiyo watoto wanautetemekea na wazazi wanautetemekea zaidi. Darasa la mwisho nililisimamia mwenyewe. Historia ilikuwa Jumatano. Ilipita salama. Mtoto mmoja aliinua mkono mwanzoni, nikamwendea, akaushusha, akaandika.

Mwambie muongozaji wako hivi: mara moja. Mwalimu wa kweli hasubiri. Akisubiri hata dakika moja huyo si mwalimu, ni kiti. Na akishasimama asitoe hotuba. Aseme, "Mtoto huyu hana kosa. Kosa ni langu." Basi, akae. Mkiongeza kinanda hapo nitazima taa za ukumbi mwenyewe.

Kula vizuri. Ulipokuwa hapa nilikuona umekonda.

Shangazi yako.

16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nyingi kwa Bibi. Nimempelekea kitambaa cha kujifunga goti, kimo humu ndani. Baba hajambo, isipokuwa amegombana na jirani kuhusu waya wa antena.

Bwana Tena ameyapenda maneno yako mpaka ameyabandika ukutani. Mwigizaji wetu ameyasema vilevile, na anasimama mara moja kama ulivyoagiza. Wakati wa kuyarekodi fundi wa taa alilia.

Shangazi, Baba ameniambia habari ambayo imenikosesha raha. Anasema Kasuku amesimamishwa masomo. Anasema amepata tisini na sita kwenye historia, yeye ambaye siku zote anazunguka kwenye arobaini, na aliyemfuata ana sitini na moja. Wamempekua begi, hawakupata kitu. Wamemuuliza aliiba vipi karatasi, akasema hakuiba. Wamemuuliza basi aliyajuaje maswali, akanyamaza. Kasuku kunyamaza, Shangazi. Na mkuu wa shule amewaambia wazazi kwamba filamu ndiyo iliyomfundisha wizi.

Baba anasema bodi inakaa tarehe 28 Julai, na wakimkuta na hatia jina lake linafutwa kwenye orodha ya mtihani mkubwa. Maana yake shule imeishia hapo.

Sikukusikia ukijibu lile swali langu. Karatasi ile ilikuwa ya mwaka gani? Nimekupigia mara nne.

Mwanao.

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kitambaa kimefika, bibi yako anajifunga kichwani. Bati la jikoni linavuja, nimeweka sufuria. Mwalimu wa hesabu amejifungua mtoto wa kike.

Mambo ya yule binti yamo mikononi mwa bodi, na bodi ina watu wazima. Nidhamu ni nidhamu. Wewe fanya kazi yako ya filamu, na usiwe unasikiliza maneno ya mafundi redio.

Shangazi yako.

8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, leo salamu zangu ni fupi kwa sababu roho yangu iko juu.

Jana niliingia kwenye chumba cha kuhariri. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha, kina viti viwili na feni moja inayogonga. Nilimwomba mhariri anisimamishie picha pale Kasuku anapoifungua karatasi. Maswali yanasomeka, Shangazi. La kwanza, la pili, mpaka la tano. Baba alikuwa amenipatia karatasi ya mtihani wenu kwa mtoto wa jirani yake. Niliishika mkononi nikasoma, nikatazama kioo cha kompyuta, nikasoma. Ni ileile. Hata alama ya mkwaruzo wa mashine pembeni ni ileile. Mhariri aliniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo Kasuku hakuiba. Sisi ndio tuliompa mtihani mkononi, mchana kweupe, mbele ya kamera na watu kumi na wanane, tukamwambia ausome mara saba. Mtoto mwenye kichwa kama kile, anayekariri matangazo ya redio kwa kuyasikia mara moja. Tulitegemea asahau?

Najua hukukusudia. Bahasha zote zile zina rangi moja, na nilikuwa nimesimama mlangoni nakuharakisha kama mtu aliyeachwa na gari. Lakini sasa umejua, na umejua tangu siku ulipofungua bahasha za mtihani asubuhi ile. Au nakosea? Niambie kama nakosea. Natamani nikosee.

Daftari langu la vifaa ninalo. Ukurasa wa kumi na nne umeandikwa: karatasi ya mtihani, moja, kutoka kwa mwalimu wa taaluma. Tarehe ipo. Bado siku ishirini.

Mwanao.

17 Julai

Mwana wa kaka yangu,

Nimekaa na barua yako siku nne ndani ya mkoba. Hata sikuweza kuiacha nyumbani, maana bibi yako siku hizi anaomba asomewe kila karatasi.

Hukosei. Niliijua Jumatano ile, saa mbili na nusu asubuhi, nilipozikata bahasha mbele ya watoto. Bahasha moja ilikuwa na karatasi moja ambayo kona yake imekunjwa kwa vidole. Nikaelewa palepale. Ningeweza kusimamisha mtihani. Lakini ningemwambia nini mkuu wa shule? Kwamba mimi, niliyewanyang'anya walimu wenzangu funguo za kabati kwa kuwa hawaaminiki, nimetoa mtihani mwenyewe ukaende kuigiziwa? Nikajiambia, ni mtoto mmoja tu, na pengine hakusoma.

Umenihesabia siku. Na mimi nikuhesabie. Miaka thelathini na nne nimesimama mbele ya ubao. Imebaki miezi tisa nistaafu. Mama yako alipofariki ulikuwa hujajua kufunga kamba za viatu. Ulilala kitanda kimoja na mimi miaka sita, ukanipiga mateke kila siku. Sikumbushi ili unilipe. Nakumbusha ili ujue huo ukurasa wa kumi na nne unamchana nani.

Binti yule ni kijana. Anaweza kurudia mwaka shule nyingine. Mimi siwezi kurudia kitu.

Usilipeleke daftari. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu.

Shangazi yako.

21 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za posta, nikairudia nyumbani, nikaifungia kabatini kana kwamba itatoka yenyewe. Nimelia, sikufichi. Mateke yale nayakumbuka.

Sasa na mimi nikuambie langu, kwa sababu nimekuandikia barua tatu zenye maswali kana kwamba mimi ni hakimu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka niliuona. Tulikuwa kwenye mara ya tatu. Bwana Tena alisema kuna maandishi yanamsumbua juu ya karatasi, nikaenda kutazama, nikaona ni mwaka huu. Na nilijua mtihani wenu bado, kwa sababu wiki ileile ulikuwa unalalamika kwamba umeutunga mpaka macho yanauma. Nilisimama na karatasi mkononi. Jua lilikuwa linahama dirishani, na watu wote wananingoja mimi. Ningesema tu, "Jamani, hii siyo." Basi. Badala yake nilimwambia Kasuku, "Shika hapa juu, kidole gumba kifunike mwaka." Akashika. Akanitazama, akatabasamu, akadhani ni mambo ya filamu.

Ukiitazama picha utaona kidole hicho mara nne zilizobaki. Ni mimi niliyekiweka pale. Ndiyo maana nilikuuliza ni ya mwaka gani. Nilitaka uniambie uongo, niuandike kwenye daftari, nilale.

Kwa hiyo siwezi kukulaumu, na siwezi kunyamaza pia. Nimeiandikia bodi. Nimeandika kosa langu mimi: kwamba karatasi iliyotumika kwenye filamu ilikuwa mtihani wa kweli, kwamba niliona, nikaficha, na kwamba mtoto alipewa na sisi. Juu ya ilikotoka nimeandika "mwalimu mmoja". Jina lako sikuliandika. Ukurasa wa kumi na nne nimeukata, umo ndani ya bahasha hii. Sina nakala. Ufanye unavyotaka.

Bwana Tena nimemwambia. Hakufoka, na hilo limenitisha zaidi. Alisema nimalize wiki halafu tutaona.

Barua ya bodi nimeituma leo pamoja na hii yako. Sijui kama wataamini maneno ya mtunza vifaa wasiyemjua, dhidi ya tisini na sita. Naogopa hawataamini. Naogopa pia wataamini.

Mwanao, kama bado.

6 Agosti

Mwanangu, na usiniandikie tena hilo neno "kama",

Marahaba ya zile zote ambazo sikuitikia. Bibi yako mzima. Nimemsomea barua zako, zote, kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza kama mtoto wa watu amekula siku zote hizo. Ndicho alichouliza.

Sasa nikueleze tarehe 28.

Tulikaa ofisini kwa mkuu wa shule, watu tisa, meza ikiwa na kitambaa cha kijani na chupa mbili za chai. Kasuku alikaa karibu na mlango pamoja na baba yake, mshona viatu, aliyekuja na aproni yake ameikunja kwapani. Mwenyekiti wa bodi aliisoma barua yako kwa sauti. Aliposoma "mwalimu mmoja" akavua miwani, akatutazama walimu tuliokuwepo. Tulikuwa wanne. Akamuuliza Kasuku ni mwalimu gani. Mtoto alitazama mikono yake akasema hawezi kusema.

Nilikuwa na ukurasa wako ndani ya mkoba, mkoba uko mapajani. Nikakaa.

Nataka ujue nilivyokaa, maana ndiyo sababu ya barua hii. Walijadili. Mkuu wa shule alisema barua ile inaweza kuwa njama ya watu wa filamu kutafuta sifa. Mmoja akaunga mkono. Ikaja chai. Nilimimina. Mwenyekiti aliomba sukari, nikampitishia, na nikakumbuka kwamba mwalimu wa fizikia hatumii, nikamruka. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Ilipita dakika ishirini na mbili. Mimi niliyesema mwalimu akisubiri dakika moja ni kiti.

Kisha wakamuuliza mshona viatu kama ana neno. Akasimama, akasema atapokea lolote wazee watakaloamua. Akasema ana ombi moja tu: binti yake ana vitabu viwili vya maktaba nyumbani, aruhusiwe kuingia kuvirudisha mwenyewe, wasije wakasema na hivyo ameviiba.

Hapo nilisimama. Sijui ni mimi au ni magoti. Yale maneno mazuri niliyompa muongozaji wako hayakuja. Nilianza na kabati, nikaingia kwenye bahasha, nikarudi kwenye kabati. Sauti ilikuwa ndogo hata mwenyekiti hakusikia, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara tatu nilirudia. Bwana Tena angefurahi. Nikaweka ukurasa wako mezani, kando ya bakuli la sukari.

Na kuna moja ambalo sikukuambia hata wewe. Niliwaambia wao. Siku ya mtihani, mtoto aliyeinua mkono ni Kasuku. Nilipomwendea alininong'oneza, "Mwalimu, hii ndiyo ile ya filamu." Yeye ndiye aliyesema, mwanangu. Kabla hajaandika neno hata moja. Alifanya alichopaswa kufanya, na mimi nikainama nikamwambia, "Andika tu." Halafu wiki kumi akabeba maneno yangu hayo mawili kwa kunyamaza, kwa kuwa alidhani mwalimu akisema andika, basi ana sababu.

Hukumu zimetoka. Kasuku amerudi darasani na jina lake limo kwenye orodha ya mtihani mkubwa. Alipewa karatasi nyingine ya historia, akapata hamsini na nane, zote zake. Mimi nimevuliwa taaluma na nimeandikiwa barua ya mashtaka. Kustaafu kwangu kutaamuliwa na watu wa juu, na nimeambiwa nisitegemee mazuri. Funguo za kabati anazo mwalimu wa fizikia. Nikipita mlangoni pale mkono wangu bado unaenda mfukoni kuzitafuta. Naona aibu, na naogopa, na nalala.

Juzi Kasuku alikuja kuniona. Nilikuwa nafuta ubao. Nilitegemea anishukuru, ona nilivyo mjinga. Alisimama kwenye dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, siku ile uliponiambia niandike, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na siku zote zile nilizokaa nyumbani?" Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu ambalo hakulipenda, akachukua mkoba wake. Sikumzuia. Nilimaliza kufuta ubao, kisha nikaufuta tena.

Pole kwa kazi yako. Wakikufukuza, njoo. Bibi yako anasema kitanda kipo, ila ulale upande wa ukutani.

Na huyo Bwana Tena mpe ujumbe wangu kabla hajamaliza filamu. Mwambie nilimdanganya. Mwalimu wake anasimama haraka mno. Arudie, amwache akae. Amwache amimine chai, apitishe sukari, akumbuke nani hatumii. Watu waone.

Shangazi yako.